Magari Yanayosengenyana

“Leo nimeendesha kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani! Leni moja, mwanzo hadi mwisho. Sikuhama hata upana wa unywele. Kama yupo kiumbe mwenye macho aliyeniona nikihama leni leo, ajitokeze sasa hivi, nami nitavua viatu nirudi nyumbani pekupeku!”

Ndivyo alivyofungua kinywa Gia Tano alasiri ile, hata makalio yake hayajazoea benchi. Mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa, wa pili unapiga kifua. Na kifua kikipigwa kwa nguvu vile, ujue ndani kuna kitu kinachotaka kutoka.

Kijiwe chao kilikuwa benchi la mbao nje ya banda la matairi, pale magari yanapochepuka kutoka barabara kuu ya leni tatu kuingia mtaani. Mwenye banda aliitwa Shemeji, kwa sababu alikuwa na dada wengi warembo, na kila mwenye pancha aliyefika hapo alimwita hivyo kwa matumaini. Kahawa ilikuwa ya Mama Birika, mama mwenye mabega ya mnyanyua vyuma na sauti ya hakimu. Na hakimu alikuwa kweli, maana kijiwe kile kilikuwa na sheria moja tu, na msimamizi wake alikuwa yeye.

Sheria yenyewe: kudanganya ruksa, kukamatwa ndiyo kosa. Mtu anaweza kusema jana alikula wali na mfalme, hakuna wa kumzuia. Lakini akitokea shahidi, mwongo ananyanyuka kwenye benchi na kwenda kukaa juu ya tairi bovu la lori, lenye waya uliochomoza mahali pabaya, na atakaa hapo mpaka apatikane mwongo mwingine wa kumrithi.

Siku hizo aliyekalia tairi alikuwa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili. Kosa lake: alijigamba kwamba weusi wa nywele zake ni wa kuzaliwa nao. Kabla hajafunga mdomo, mkewe akapita na kumuuliza mbele za watu chupa ya rangi ameiweka wapi. Tangu hapo Wembe alikaa upandeupande, na kila aliyeanza kujisifu pale alimtazama kama paka anavyoutazama mlango wa jikoni.

“Leni moja?” akauliza, akisogeza nyonga kuukwepa waya.

“Moja.”

“Wewe?”

“Mimi.”

“Wewe huyu Gia Tano, ambaye mama yako mzazi aliposhuka kwenye gari lako alibusu ardhi?”

“Watu hubadilika, Wembe. Hata nywele hubadilika rangi.”

Benchi zima likacheka. Mzee wa benchi, Ndiyo-Kabisa, mlinzi wa stoo ya saruji ambaye hukubaliana na kila mtu ili apate kusinzia kwa amani, akaitikia jicho moja likiwa limefumba: “Ndiyo kabisa.”

Ila siku hiyo Gia Tano hakuwa anajisifu kwa raha ya kujisifu tu. Alikuwa na jambo. Mama Keki, mwenye tanuri la mikate na keki mtaa wa juu, alikuwa amenunua kigari kipya cha kupelekea wateja mizigo yao, na alitafuta dereva. Gia Tano aliitamani kazi hiyo mpaka akaiota. Pikapu aliyokuwa akiendesha ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba alikuwa mtu wa kuuliza “gari langu liko wapi?” kabla hata ya kuitikia shikamoo. Basi asubuhi ile Mama Keki akampa mtihani: keki ya harusi ya ghorofa tatu, aipeleke ukumbini ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama bibi wa heshima. Na sharti likawa moja.

“Chagua leni moja ukae humohumo mpaka ufike,” alimwambia. “Keki haina mifupa, mwanangu.”

Alasiri hii alikuwa apite kijiweni kumpa jibu: funguo au pole.

“Haya, tumwache mtakatifu wetu apumzike,” Wembe akasema, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. “Sikilizeni habari ya leo. Yale magari yanayojiendesha yameongezeka barabara kuu. Tena hayajiendeshi tu. Yanaongea.”

“Yanaongea na nani?” Mama Birika akauliza.

“Yenyewe kwa yenyewe. La mbele likigusa breki, linaliambia la nyuma, la nyuma linaliambia la nyuma yake. Lile la mwisho kabisa linajua mambo ya mbele kabla halijaona chochote.”

“Bila hata salamu?”

“Bila salamu.”

“Basi hayo nayajua. Hayo ni majirani zangu. Nikinunua samaki sokoni, nikifika nyumbani wameshajua ni wangapi, na kwamba mmoja hana kichwa.”

“Ndiyo kabisa.”

Shemeji alikuwa amezamisha mpira wa tairi kwenye karai la maji kutafuta tundu. Akainua kichwa. “Ngoja kwanza. Hayo magari yakiona msumari barabarani, yanaambiana?”

“Bila shaka. ‘Jamani, msumari huo, piteni pembeni.’”

Shemeji akauachia mpira ukaelea. “Basi nimekwisha. Mimi na wanangu tunakula kwa sababu watu hawaambiani.”

“Acha kulia kabla ya msiba, habari haijaisha,” Wembe akasema, akaisogeza simu karibu na pua. “Wataalamu wanabishana juu ya leni. Wako wanaotaka magari hayo yapewe leni yake peke yake. Wenzao wanasema hapana, yakiwa bado machache ukiyatengea leni, leni hiyo itakaa wazi kama uwanja wa mpira, na sisi binadamu tutabanana kwenye mbili zilizobaki kama soksi kwenye droo. Bora kwanza yachanganywe na watu. Ila yakishakuwa mengi, hapo yape leni yao, yafuatane karibukaribu kama mabehewa, na barabara nzima itapumua.”

“Mbona hilo ni jambo la nyumbani tu,” Mama Birika akasema. “Akija mgeni mmoja unamlaza na watoto. Ikija familia nzima unawapa chumba.”

“Na mwisho wameandika hivi.” Wembe akapunguza sauti, jicho likamwendea Gia Tano. “Adui wa barabara si mvua, wala si gari bovu. Adui ni yule anayehamahama leni.”

Kama kweli iliandikwa hivyo au Wembe aliitunga papo hapo, hakuna aliyeweza kujua. Kioo cha simu kilikuwa kimepasukia palepale.

Gia Tano akaruka kama aliyekalia siafu. “Uongo huo! Anayehama leni ndiye anayeijua barabara! Foleni ni kama mlango wa sinema, ukisimama kistaarabu utabaki kuangalia migongo na picha itaanza bila wewe.”

“Si umesema leo hukuhama?”

“Leo sikuhama. Nazungumzia... sayansi.”

Hapo kitu kikamchoma kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Akaupapasa mfuko taratibu, kama mtu anayejikuna tu. Alikijua kitu hicho. Alikuwa bwana harusi.

Si bwana harusi mwenye nyama na damu. Wa plastiki, mrefu kama kidole gumba, suti nyeusi, tabasamu la kuchorwa. Asubuhi alisimama kileleni mwa keki ameshikana mkono na bibi harusi wake. Lakini kabla ya daraja leni ya kushoto ilizubaa kidogo, na leni ya kati ikapita inateleza, na mguu wa Gia Tano haukuomba ruhusa kwa mtu. Akaingia kati. Kati ikazubaa, akaingia kulia. Kulia nako akamkuta mtu anaendesha kama anasindikiza jeneza, akarudi kati. Alipofika ukumbini, wahudumu wakaipokea keki haraka, wakaingia nayo ndani, na yeye akageuka kuondoka kifua mbele. Ndipo alipomwona bwana harusi amelala kifudifudi chini ya pedeli ya klachi, kiatu kimoja kimepakwa krimu.

Kumrudisha kungehitaji maelezo. Gia Tano alikuwa na mambo mengi maishani, maelezo hayakuwa miongoni mwake. Akamtia mfukoni.

“Tufanye majaribio basi,” Wembe akasema, macho yanamng'aa. Akalivuta bao la drafti kutoka chini ya benchi, akapanga vizibo vya soda katika mistari mitatu. “Hizi leni tatu. Vizibo vyeupe ni magari yanayojiendesha, vyekundu ni sisi. Hiki chekundu chenye kutu ni wewe.”

“Kwa nini mimi niwe chenye kutu?”

“Kwa sababu ndicho kinachofanana na pikapu ya mjomba wako. Haya, twende. Wote tunasogea hatua moja moja. Mama Birika, sukuma leni ya kulia, na vyeupe vyote ni vyako. Shemeji, ya kushoto. Mimi nashika ya kati.”

Vizibo vikaanza kutembea. Mwendo ulikuwa mzuri, vyeupe na vyekundu vinafuatana kwa adabu, hata Ndiyo-Kabisa akanyoosha shingo kutazama. Kisha Gia Tano akaona pengo leni ya kati, si pengo kubwa, upana wa kizibo na roho yake. Kidole kikamwasha. Akakirusha kizibo chake ndani.

“Umeingia mbele yangu,” Wembe akasema. “Basi mimi narudi nyuma kidogo nisikugonge. Wa nyuma yangu naye anarudi. Huyu naye. Huyu naye.” Kila kizibo kikamsukuma mwenziwe, mpaka cha mwisho kikafika ukingoni mwa bao, kikadondoka, kikabiringika vumbini.

Wote wakakitazama kilipolala.

“Huyo ni nani?” Gia Tano akauliza.

“Huyo ni baba wa watu. Katoka kwake salama, hajagombana na mtu, anawahi kumpeleka mtoto shule. Umemmwaga.”

“Mimi hata simjui! Yuko kule nyuma!”

“Ndiyo foleni hiyo! Aliyeitengeneza yuko mbele anapiga mluzi, anayeila yuko nyuma anauliza kuna ajali gani.”

“Ndiyo kabisa,” Ndiyo-Kabisa akasema, safari hii kwa uchungu. “Yule ni mimi. Jana nilichelewa kazini.”

“Wewe unalinda stoo na unakuja kwa miguu,” Shemeji akamkumbusha.

“Hata miguu ina foleni yake.”

Mama Birika akanyoosha kidole kwenye bao. “Na mnaona hivi vyeupe? Gia Tano alipoingia, cheupe kilichokuwa nyuma ya Wembe kilisogea kidogo tu. Vyekundu ndivyo vilivyoruka kinyumenyume kama vimeona nyoka.”

“Wewe ndiye uliyevisogeza, mama,” Gia Tano akalalamika. “Umevipendelea!”

“Nimevipendelea kwa sababu vina adabu. Mtu mwenye adabu hupendelewa.”

Gia Tano akaona anazidiwa. Na Gia Tano akizidiwa hana breki. Hapo ndipo jina lake linapotoka. Akasimama, akamwaga kahawa nusu.

“Nyie hamjui barabara! Mnacheza na vizibo! Barabara inataka jicho! Unaona kushoto pamelala, unachomoka. Unaona kati panatembea, unachomeka. Hata leo pale karibu na daraja—”

Akajiuma ulimi. Karai la Shemeji likasikika likitoa povu.

“Pale karibu na daraja,” Wembe akasema kwa sauti ya asali, “ikawaje, ndugu yangu?”

“Pale karibu na daraja... palikuwa na upepo mzuri.”

“Upepo.”

“Wa kusini.”

Wembe akageukia benchi. “Mheshimiwa hakimu?”

Mama Birika akatikisa kichwa. “Upepo si shahidi. Endelea kukaa kwenye tairi lako.”

Wembe akaguna, akajikuna paja. Gia Tano akakaa tena, akavuta pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu. Na kama ilivyo kawaida ya waliopona chupuchupu, badala ya kunyamaza akaongeza chumvi.

“Isitoshe,” akasema, “hayo magari mnayoyasifu, leo nimekutana nayo. Na yananijua! Nilipokuwa napita, yaliniachia nafasi mbele, yakaniachia nafasi nyuma. Nikipita yanatulia yote, kama msafara wa mkubwa, nami nikayapungia mkono. Mashine yenyewe inatambua dereva ni nani.”

“Kwa nini yakuachie nafasi huku na huku, kama ulikuwa umetulia leni moja?”

“Heshima, Wembe. Neno hilo halimo kwenye simu yako.”

Hakuwa anadanganya hapo, hilo lisemwe kwa haki. Kweli magari yale yalimwachia nafasi. Tangu darajani aliyaona yakirudi nyuma taratibu kila alipokaribia, na moyo wake ukajaa kama puto. Na mkono aliyapungia kweli.

Mazungumzo yakakatika. Kutoka barabara kuu kilichepuka kigari kidogo cha kukodi, cha rangi ya maziwa, kimya kama paka aliyeiba. Kikaja moja kwa moja kuelekea bandani, kisha, kilipoikaribia pikapu ya Gia Tano iliyoegeshwa pembeni, kikasita. Kikarudi nyuma. Kikajiegesha mbali, upande wa pili wa mfereji, ingawa nyuma ya pikapu palikuwa na nafasi ya kuegesha lori.

Ndiyo-Kabisa, aliyelelewa vizuri, akakiinamia kiti cha dereva: “Shikamoo.” Kiti kilikuwa kitupu.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Mama Keki, mtandio umekaa vizuri, unga kidogo kwenye kiwiko. Mlango akauacha wazi. “Nisubiri, mwanangu,” akaliambia gari, “nina neno moja tu hapa.”

“Shikamoo mama!” benchi likaamkia kwa pamoja, na Gia Tano akaamkia kwa nguvu kuliko wote, tayari amesimama, mikono imeshikana mbele kama mwanakwaya.

“Marahaba wanangu. Hamjambo?” Akachukua kikombe alichopewa na Mama Birika, akanywa funda, akashusha pumzi. “Leo nimechoka. Harusi imepita, keki imeliwa, watu wamesifu. Lakini limetokea jambo.”

“Jambo gani, mama?” Gia Tano akauliza. Sauti ilitoka nyembamba kidogo.

“Bwana harusi hakuwepo.”

“Alikimbia?” Shemeji akaruka.

“Yule wa juu ya keki, baba. Bibi harusi alisimama peke yake kileleni, mkono kaunyoosha hewani kama anaomba lifti. Mama mkwe akasema hiyo ni ishara mbaya. Ndugu wa mke wakaanza kunong'ona, ndugu wa mume wakanuna. Ikabidi bwana harusi mwenyewe, yule wa kweli, ashike kipaza sauti awahakikishie watu kwamba yupo na haendi popote.”

Wembe alicheka mpaka waya ukamchoma.

“Mimi sijacheka,” Mama Keki akasema. “Binti yangu wa jikoni, yule anayepamba, analia tangu saa ile. Nimemwambia labda alisahau kumbandika. Anaapa alimbandika. Nimemgombeza mbele ya wenzake.”

Ndani ya mfuko wa shati bwana harusi akawa mzito kama nondo. Gia Tano alimfahamu binti yule. Asubuhi alimfungia keki mkanda kwa mikono miwili, akampa na kipande cha mkate cha njiani. Akafungua mdomo. Neno likafika mpaka kwenye meno.

Lakini Mama Keki alikuwa amekwishaingiza mkono kwenye mkoba, na kutoka ndani ya mkoba ikasikika sauti tamu kuliko kengele ya kutoka shule. Funguo.

“Kwa hiyo tuyaache,” akasema. “Keki yenyewe ilifika nzima, nawe ulifika mapema. Niambie tu hapa mbele ya wenzako, niondoke na moyo mweupe. Uliendeshaje?”

Mdomo ulikuwa wazi tayari. Kilichotoka ndicho kilichozoea kutoka.

“Mama, leni moja. Ya kushoto. Kama nimebeba maji kwenye sahani. Waulize hawa, nimewasimulia kabla hujafika.”

“Amesimulia,” Mama Birika akathibitisha kwa haki, uso mkavu.

“Ndiyo kabisa.”

Wembe akauma midomo. Shahidi hakuwa naye. Mama Keki akatabasamu, akanyoosha mkono wenye funguo, na Gia Tano akanyoosha wake. Vidole vikabakisha nafasi ya kupitisha jani la mchicha.

“Samahani, mteja,” sauti ikasema.

Sauti ya kike, ya upole, ilitoka kwenye mlango uliokuwa wazi ng'ambo ya mfereji. Wote wakageuka.

“Samahani, mteja. Tafadhali usisimame karibu na pikapu nyeupe yenye turubai la bluu. Leo asubuhi magari yaliyokuwa barabara kuu yameambizana kwamba inahamahama leni bila indiketa. Magari yote yameombwa kuiachia nafasi mbele na nyuma. Asante kwa kusafiri nasi.”

Birika peke yake ndilo lililoendelea kuongea.

Wote wakaitazama pikapu. Turubai la bluu likapepea kidogo, kama linalokana mashitaka.

“Kumbe,” Mama Birika akasema polepole, “nayo yana kijiwe.”

“Heshima!” Wembe akapiga kelele, amesimama tayari juu ya tairi kama mshindi wa mbio. “Msafara wa mkubwa! Yalikuwa yanakukimbia, bwana! Yalikuwa yanaitana: jamani, yule anakuja, shikeni watoto!”

“Na wewe ukayapungia mkono?” Shemeji akauliza, machozi ya kicheko yanamdondokea karaini.

Mama Keki hakucheka. Mkono wenye funguo ukarudi taratibu ulikotoka. “Mwanangu,” akasema, “hilo gari linasema kweli?”

“Mama, usilisikilize!” Gia Tano akaja juu, jasho linamtiririka. “Hilo ni bati na nyaya! Mheshimiwa hakimu, nakata rufaa! Sheria ya kijiwe inasema shahidi. Shahidi ni mtu! Gari si mtu! Leo tukikubali gari, kesho mtaniletea birika litoe ushahidi!”

Mama Birika akafikiri. Hili lilikuwa jipya mahakamani kwake. “Macho linayo?” akauliza.

“Linazo kamera kila upande,” Wembe akajibu upesi.

“Mdomo?”

“Si tumelisikia?”

“Lakini roho halina!” Gia Tano akapaza sauti. “Shahidi wa kijiwe hiki lazima awe na kichwa, mikono na miguu, avae nguo kama watu! Nileteeni mmoja wa hivyo aliyekuwepo asubuhi, mmoja tu, nami nitakwenda kwenye tairi bila kusukumwa!”

Akasema hivyo huku akichomoa leso kwenye mfuko wa shati ili afute jasho.

Leso haikutoka peke yake. Kitu cheusi kikaruka, kikapinduka hewani mara moja kwa madaha, kikaangukia kwenye kikombe cha Mama Keki na kusimama kichwa chini, miguu juu. Suti nyeusi. Kiatu kimoja kina krimu iliyokauka.

Mama Keki akamshika bwana harusi miguuni, akamtoa, akamkung'uta kahawa, akamtazama usoni. Bwana harusi akamtazama na tabasamu lake lilelile.

“Kichwa anacho,” Mama Birika akahesabu kwa sauti ya hukumu. “Mikono anayo. Miguu tumeiona. Nguo amewazidi hata nyie. Kikulacho ki nguoni mwako, baba.”

“Ndiyo,” akasema Ndiyo-Kabisa, akafumbua macho yote mawili kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, “kabisa.”

Gia Tano akatazama viatu vyake. “Mama,” akasema, na sauti sasa ilikuwa yake ya kweli, ndogo, bila gia. “Yule binti alimbandika vizuri. Mwambie asilie. Alikuwa chini ya klachi.”

“Utamwambia mwenyewe,” Mama Keki akajibu. “Kesho alfajiri, jikoni, mbele ya wenzake wote, kama nilivyomgombeza. Ukishamaliza, kuna mikate ya kupeleka madukani. Utaipeleka kwa pikapu ya mjomba wako. Mkate ukirukaruka unabaki mkate. Keki usiiguse mpaka nikuambie.”

“Na kigari kipya?”

Mama Keki akamfunga bwana harusi kwenye ncha ya mtandio kama mtu anayefunga hirizi. “Kigari nitampa binti. Anajua kufunga mkanda.” Akawaaga, akavuka mfereji, akaingia garini. Mlango ukajifunga. Kigari cha kukodi kikarudi barabara kuu, kikachagua leni yake, kikakaa humo mpaka kikapotea machoni.

Gia Tano akavua viatu. Ahadi ni ahadi. Akavishika mkononi, akasogea pekupeku hadi kwenye tairi, ambapo Wembe alikuwa ameinama anapangusa vumbi kwa taulo lake la kinyozi, kwa upendo mkubwa, akihakikisha waya umesimama vizuri.

“Karibu, ndugu yangu,” Wembe akasema, akijinyoosha mgongo na kuliendea benchi. “Kaa kwa raha. Hapo hakuna leni ya kuhamia.”